Mianga 7840 ya Dreyer

Mwaka 1888 ilichapishwa London orodha ya mianga hafifu 7840 ya angani: galaksi, nebula na vishada vya nyota. Aliyeipanga ni J. L. E. Dreyer, Mdenishi aliyekuwa mkuu wa kituo cha falaki cha Armagh, Ireland. Hadi leo wanafalaki wanazitumia namba zake, wakizitanguliza kwa herufi NGC.

Dreyer alikusanya na kusahihisha yaliyoonwa na wengi, na msingi uliwekwa na ndugu wawili kutoka Hanover, William na Caroline Herschel. Usiku kucha kaka alichungulia kwenye darubini, anga likipita mbele yake kadiri dunia inavyozunguka. Akiona doa la ukungu, hupaza sauti. Dada, aliyeketi na saa na taa, huandika wakati na mahali. Kukicha hupiga hesabu na kunakili yote upya. Kwangu mimi, bila kalamu ya Caroline orodha hii isingekuwapo. Baadaye John, mwana wa William, alisafirisha darubini hadi Rasi ya Tumaini Jema, akalipekua anga la kusini kuanzia 1834 hadi 1838.

Wote hao hawakujua kwa yakini walichokuwa wakikiandika. Je, madoa yale yalikuwa mawingu ya gesi ya jirani, au makundi ya nyota ya mbali mno? Dreyer hakulazimisha jibu. Aliandika kilichoonekana tu: mng'ao, ukubwa, umbo, na kama katikati kumekolea. Akaipanga mianga kwa zamu yake ya kupita angani, wala si kwa nadharia ya mtu yeyote. Ndiyo maana nadharia zilipoanguka, orodha ilibaki imesimama.

Mwaka 1923 Edwin Hubble alipata ndani ya NGC 224, yaani Andromeda, nyota inayong'aa na kufifia kwa vipindi. Nyota za aina hiyo, urefu wa kipindi chake hutaja nguvu halisi ya mwanga wake. Ukiijua nguvu ya karabai ya mvuvi, ufifi wake utakuambia dau liko mbali kiasi gani. Ndivyo alivyokadiria umbali, na Andromeda ikabainika kuwa galaksi nyingine kabisa. Vipimo vya sasa vinaiweka umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5 hivi.

Sisi tunaoishi karibu na ikweta tumejaliwa kuziona pande zote mbili za anga. Mwezi wa Novemba, mapema usiku, Andromeda huonekana upande wa kaskazini. Mei na Juni, tazama kusini uitafute NGC 5139, Omega Centauri, kishada cha mamilioni ya nyota ambacho huko London hakichomozi kamwe. Penye giza la kutosha huonekana kwa macho matupu, mfano wa nyota yenye ukungu. Darubini ndogo ya macho mawili huonyesha wazi kwamba si nyota moja.