Gurudumu la mfinyanzi: ufundi wa Bahla na siri ya mtungi

Katika soko la Matrah, mjini Maskati, mitungi na vyetezo vya udongo vingali vinauzwa karibu na ubani na vitambaa. Hata hivyo, vyombo vya udongo vya Oman havifinyangwi kwa njia moja.

Huko Dhofar, kusini mwa nchi, wanawake hufinyanga vyetezo kwa mikono mitupu, kama wafanyavyo wafinyanzi wengi wa Afrika Mashariki. Lakini katika mji wa Bahla, kilomita zipatazo 200 kutoka Maskati, kazi hii kwa desturi ni ya wanaume, nao hutumia gurudumu.

Gurudumu ni nini?

Ni sahani bapa inayozunguka juu ya mhimili. La zamani husukumwa kwa mguu. La kisasa huendeshwa kwa umeme.

Kwanza udongo huchujwa mawe na mizizi, kisha hukandwa hadi uwe laini na usiwe na mapovu ya hewa. Baada ya hapo fundi huubwaga donge katikati ya gurudumu, hulowesha mikono na kulibana mpaka litulie bila kuyumba. Hatua hii ndiyo inayowashinda wanafunzi wengi, kwani donge lililokaa upande huzaa chombo chenye ukuta mnene huku na mwembamba kule.

Donge likitulia, fundi hulitoboa kwa dole gumba, kisha huinua kuta taratibu, mkono mmoja ndani na mwingine nje. Mwishowe hukikata chombo kwa uzi au waya. Mkono wa kushikia hubandikwa baadaye kwa uji wa udongo, chombo kikiwa kimekauka nusu.

Kwa nini vyombo hupasuka?

Wengi hulaumu mapovu ya hewa. Kisababishi kikubwa ni unyevu. Maji yaliyobaki ndani ya udongo hugeuka mvuke tanurini, na mvuke ukikosa njia hukipasua chombo. Ndiyo maana chombo huanikwa kivulini siku kadhaa, na moto huongezwa polepole.

Siri ya maji baridi

Mtungi wa maji, ambao Waomani huuita jahla, haupakwi rangi ya kung'aa. Vitundu vyake vidogo huruhusu maji kidogo kupenya hadi nje. Maji hayo yanapokauka huchukua joto, na yaliyobaki ndani hupoa. Gudulia la pwani ya Afrika Mashariki hufanya kazi vivyo hivyo.

Jokofu na ndoo za plastiki zimeupunguzia mtungi kazi, na sasa wengi huununua kuwa pambo. Lakini pambo halihitaji kupoza maji, wala mnunuzi wake hajali kama limevuja. Mafundi wakifinyanga mapambo tu, ujuzi wa kuchagua udongo unaopitisha maji kwa kiasi unaweza kupotea hata kama magurudumu yataendelea kuzunguka. Wahenga walisema: udongo uwahi ungali maji.