Biskuti za Sadaka: Je, Inafaa Kununua za Bei Nafuu?

 

Ndugu zetu katika imani, tulipokuwa Bariadi, makao makuu ya mkoa wa Simiyu, ustadh mmoja wa madrasa alitusubiri baada ya swala ya Alasiri. Alikuwa na jambo linalomkera. Mfadhili mmoja wa Dar es Salaam alimtumia shilingi 60,000 kwa simu, akamwambia awanunulie watoto sitini biskuti kwa ajili ya siku ya kuhitimu juzuu Amma, na akazitaja kwa jina la kampuni kubwa inayojulikana. Pakiti moja ni shilingi 1,000. Ustadh alipofika dukani akaona pakiti nyingine, zimefungwa kwa jina la duka lenyewe, shilingi 600. Akachukua hizo. Zikabaki shilingi 24,000, akanunulia chaki na juzuu za madrasa, hakutia hata senti mfukoni mwake. Baada ya wiki mzazi mmoja akasema mbele ya watu: watoto wamelishwa vitu rahisi visivyojulikana uhalali wake, na pesa imeliwa.

"Sheikh, mimi nimekosa wapi?" akatuuliza.

Swali hili lina mambo mawili, na watu wengi huyachanganya. La kwanza ni chakula chenyewe. La pili ni amana.

Tuanze na chakula. Duka kuuza bidhaa kwa jina lake si jambo geni. Nakumatt ya Kenya, kabla haijafungwa, ilikuwa na bidhaa zake za Blue Label, na ndugu zetu walioko Oman wanazijua zile za LuLu. Kwa kawaida mwenye duka hana kiwanda, bali huagiza kiwandani kwa sifa anazozitaka, kisha hubandika jina lake. Wanazuoni wanaujua mkataba wa namna hii, huitwa istisnaa, nao unafaa. Maduka madogo ya mikoani hununua mzigo mkubwa na kuufunga upya katika pakiti ndogo, na hiyo ni biashara ya kawaida. Bei hushuka kwa kuwa hakuna matangazo ya redio wala mabango ya kulipia. Kwa hiyo urahisi wa bei peke yake si dalili ya ubovu, na ughali si cheti cha uhalali. Kilichoharamishwa ni kufunga kitu chako ukabandika jina la mwenzako, maana huo ni ghishi. Mtume, rehma na amani zimfikie, alitia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta ndani kuna unyevu uliofichwa, akamkemea muuzaji kwa maneno makali.

Asili ya vyakula ni uhalali mpaka ije dalili ya kuharamisha. Biskuti ya unga, sukari na mafuta ya mimea haigeuki kuwa haramu kwa sababu aliyeioka si Muislamu. Na Simiyu ni nchi ya pamba, kwa hiyo mafuta ya mbegu za pamba si kitu cha kutafuta kwa tochi. Angalia lebo: kama imeandikwa mafuta ya wanyama au jelatini bila kusema ya mnyama gani, uliza au acha. Alama ya TBS inahusu ubora na usalama wa chakula, haizungumzii halali. Cheti cha halali ni jambo jingine, hutolewa na taasisi za Kiislamu kama BAKWATA.

Sisi tungemhofia zaidi mkaanga krispi wa kando ya barabara kuliko biskuti za pakiti. Karai lile lile huenda asubuhi limekaangiwa kitimoto. Hapo muulize bila haya, naye hatakasirika. Na ukitaka kitu kisichohitaji maswali mengi, Wasukuma wana michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa juani. Tulitafuna tukasahau krispi zetu za muhogo za Unguja, japo pilipili na ndimu tulizikumbuka.

Jambo moja kabla hatujaendelea: angalieni uzito. Pakiti ya shilingi 1,000 yenye gramu 100 ni rahisi kuliko ya shilingi 600 yenye gramu 50. Ustadh wetu hakuangalia. Tulipopima maganda aliyokuwa nayo, tofauti ilikuwa ndogo, alhamdulillah.

Sasa amana, na hapa ndipo penye uzito. Aliyetumwa kununua ni wakili. Akiambiwa "nunua biskuti" tu, ana nafasi ya kuchagua lenye maslahi kwa aliyemtuma. Akitajiwa kitu mahsusi, hana ruhusa ya kubadilisha kwa rai yake. Fuqahaa wa madhehebu yetu ya Shafii ni wakali katika hili: mfadhili angetaka, angeweza kudai fedha yake yote. Urwa al-Bariqi alipewa dinari moja na Mtume amnunulie kondoo. Akapata wawili, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari pia. Wanazuoni wamekhitilafiana juu ya kule kumuuza yule wa pili, lakini tazameni alichofanya na kilichobaki: alikirudisha kwa mwenyewe, naye akaombewa baraka katika biashara yake. Hakukinunulia kitu kingine, hata kama kitu hicho kingekuwa cha kheri.

Ustadh akajitetea: chaki zimetengenezwa hapa hapa Maswa, na juzuu wanasoma watoto wale wale. Tukamwambia, ustadh, nia yako tunaidhania wema, lakini zile shilingi 24,000 hazikuwa zako kuzielekeza.

Hata hivyo mazoea ya watu nayo huhukumu. Mtu akikutuma "colgate", mara nyingi anataka dawa ya meno yoyote, na "kiwi" ni dawa ya viatu ya kampuni yoyote ile. Huenda mfadhili alitaja jina hilo kwa namna hiyo. Lakini biskuti hazijafikia hapo, na ulimi wa mwenye mali upo hai, basi aulizwe.

Akapiga simu mbele yetu, akaeleza yote mpaka bei ya chaki. Upande wa pili kukawa kimya kidogo, kisha yule mfadhili akasema jina lile ndilo alilolikumbuka tangu utoto wake, hakuwa na maana nyingine, na kilichobaki amekiridhia kwa madrasa. Tukamshauri ustadh aandike hesabu katika karatasi moja, aibandike ukutani pale madrasa, na amwite yule mzazi aisome.

Wallahu aalam.