Daftari la Mishahara ni Wajibu wa Mwajiri

Katika Embu, tangu mashamba ya chai ya Manyatta na Runyenjes hata maduka ya mjini, watu wengi hupata riziki yao kwa kufanya kazi kwa mtu mwingine. Si wote wajuao kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ilimtwika mwajiri, wala si mfanyakazi, kazi ya kuandika na kutunza habari za mshahara. Jambo hili laweza kuonekana dogo, la makarani tu. Lakini ndilo linaloamua kama mama anayepima magunia ghalani ataweza kuonyesha kuwa hulipwa pungufu ya mwanamume aliye kando yake, au atarudi nyumbani na maneno matupu.

Zamani mambo yalikuwa kinyume. Sheria ya kuandikisha wenyeji ya mwaka 1915, iliyoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 kuchukua kipande. Karatasi ile ilitiwa katika kikopo cha chuma, ikaning'inizwa shingoni. Ndani yake mliandikwa jina la mtu, kabila lake, alama za vidole vyake, jina la kila bwana aliyemwandika kazi, siku ya kuanza na siku ya kuacha, na mshahara aliopewa. Kwa hiyo habari za mshahara zilikuwako, tena zimeandikwa vizuri. Ila zilimtumikia bwana. Mtu wa Embu aliyekwenda kutafuta kazi katika mashamba ya Thika alifika na siri yake yote shingoni. Bwana mpya aliweza kufungua kipande, akaona ni shilingi ngapi alizopewa alikotoka, wala hakuwa na haja ya kumwongezea. Aliyeondoka kazini kabla ya bwana wake kutia sahihi aliweza kutafutwa na polisi kama mtoro. Na wanawake waliochuma kahawa hawakuwa na kipande kabisa. Waliepukana na kikopo kile, lakini mshahara wao haukuwa na ushahidi wa namna hiyo.

Mwaka 1947 ilitungwa sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote, na kipande kikaondoka. Hata hivyo ubaguzi wa mishahara haukuondoka nacho. Mwaka 1948 Tume ya Holmes, iliyochunguza mishahara ya watumishi wa Serikali, ilikubali kanuni ya kuwa mtumishi asiye Mzungu alipwe sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu. Hesabu ile haikufichwa. Ilikuwa wazi katika taarifa ya Serikali kwa kila ajuaye kusoma. Kanuni hiyo iliachwa baada ya Tume ya Lidbury kutoa taarifa yake mwaka 1954. Yaonekana, basi, kwamba kuandika hesabu peke yake si haki. Lazima iwepo sheria inayosema hesabu ya namna gani haikubaliki.

Sheria hiyo sasa ipo. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira chamtaka mwajiri alipe ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na chakataza kumbagua mtu kwa rangi, kabila, jinsia, dini, lugha, ulemavu, ujauzito na mambo mengine kadha wa kadha. Maneno “thamani sawa” yafaa yaangaliwe vema. Hayasemi kazi iwe ile ile kwa jina. Mwajiri hawezi kumwita mwanamume “msimamizi wa ghala” na mwanamke “msaidizi”, kisha akawapa mishahara mbalimbali, ikiwa wote wawili hupima, huandika na kufunga mlango saa ile ile. Lakini tofauti si kosa kila mara. Aliyefanya kazi miaka kumi, au mwenye cheti kinachohitajiwa na kazi yenyewe, aweza kulipwa zaidi, mradi mwajiri aonyeshe kwamba hiyo ndiyo sababu.

Na neno hilo, “aonyeshe”, ndilo lenye uzito. Mfanyakazi akidai mbele ya mahakama kwamba amebaguliwa, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kuwa ubaguzi haukuwapo. Tena sheria yataka mkataba wa kazi ya miezi 3 au zaidi uandikwe, na mwajiri ndiye wa kuhakikisha umeandikwa. Asiyejua kusoma hufafanuliwa kwa lugha anayoifahamu, akatia alama ya kidole mbele ya mtu mwingine asiye mwajiri wake. (Alama ya kidole imerudi, lakini safari hii ni ya kumlinda mwenye kidole.) Mkataba utaje kazi, saa, kiasi cha ujira na jinsi unavyohesabiwa, na habari hizo zihifadhiwe miaka 5 baada ya kazi kwisha. Kesi ikifika mahakamani na mwajiri akashindwa kuzitoa, hasara ni yake: yeye ndiye atakayetakiwa kuthibitisha au kukanusha yale ambayo mfanyakazi asema waliyapatana.

Kadhalika mwajiri hutakiwa kumpa mfanyakazi hati ya malipo kila alipapo mshahara, ikionyesha ujira wote, makato na sababu ya kila kato. Hapa pana pengo, nalo lawagusa watu wa Embu hasa. Hati hiyo si lazima kwa kibarua wa siku, wala kwa anayelipwa kwa kipimo cha kazi, wala kwa aliyeandikwa kwa muda usiozidi miezi 6. Mchuma chai alipwaye kwa kilo, basi, aweza kumaliza msimu mzima bila karatasi hata moja mkononi. Lakini kibarua asikate tamaa. Akifanya kazi mfululizo kwa siku ambazo jumla yake si pungufu ya mwezi mmoja, au akipewa kazi isiyotazamiwa kwisha kabla ya miezi 3, sheria humhesabu kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Kwa hiyo ni busara ajiwekee kijitabu chake: tarehe, kilo na fedha alizopokea.

Nchi nyingine zimekwenda mbele zaidi. Uingereza, tangu mwaka 2017, mwajiri mwenye wafanyakazi 250 au zaidi hutakiwa kutangaza kila mwaka tofauti ya malipo kati ya wanaume na wanawake. Jimbo la California huko Marekani lilitunga sheria mwaka 2020: kampuni yenye wafanyakazi 100 au zaidi huipelekea Idara ya Haki za Raia taarifa ya mishahara kwa jinsia na kwa rangi, ili idara itambue penye ubaguzi kabla mtu hajalalamika. Sheria ya Ajira ya Kenya haina sharti la namna hiyo. Daftari hubaki ofisini kwa mwajiri mpaka mtu aje kulitaka.

Anayeweza kulitaka ni Afisa wa Kazi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2007 humruhusu kuingia mahali pa kazi kwa saa zinazofaa, mchana au usiku, kutaka madaftari ya mishahara na kuwahoji watu. Ofisi yake ipo mjini Embu. Mwenye malalamiko aende na chochote alicho nacho: mkataba, kijitabu chake, hata ujumbe wa malipo uliobaki katika simu. Akishindwa kupatanishwa, aweza kwenda mahakamani; tangu mwaka 2018 mahakimu wa ngazi ya juu waliotajwa katika Gazeti la Serikali wamepewa ruhusa ya kusikiliza kesi za ajira za watu ambao mshahara wao hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi. Kwa kawaida dai hufunguliwa kabla ya miaka 3 kupita tangu kosa lilipotendeka.