Kunde ya Kakapel yafichua historia ya miaka 2,300

Wanaofika Kakapel, katika vilima vya Chelelemuk, Teso Kaskazini, huja kutazama michoro ya kale kwenye mwamba. Hazina nyingine imo udongoni chini yake.

Watafiti wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya na wenzao wa ng'ambo walichimba hapo, wakatia majini udongo na majivu ya meko ya zamani. Mbegu zilizoungua huelea, na kuungua huko ndiko kulikozizuia kuoza. Walipata kunde yenye umri wa miaka 2,300 hivi. Kulingana na matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2024, huo ni ushahidi wa kale zaidi wa zao la kupandwa Afrika Mashariki. Kunde inaaminika ilitoka Afrika Magharibi. Mtama ulikuja baadaye kutoka kaskazini-mashariki. Wimbi pia lilikuwepo, mamia ya mbegu, na hata njegere, ambayo hakuna aliyeitarajia.

Ukichota udongo hapo, hata karai moja, tabaka za enzi mbalimbali huchanganyika na ushahidi hupotea. Ukiokota kigae au mfupa wa kale shambani, kiache kilipo na umwarifu chifu au Makumbusho ya Kitaifa.