Mlaleo na mjamzito: shadda iko wapi?

Hapa Kisauni tuna mtaa uitwao Mlaleo. Ndani ya jina hilo twasikia maneno mawili: "mla" na "leo". Hebu yatamke mbalimbali. "Mla" lina silabi mbili, m-la, na shadda huangukia hiyo m, kama ilivyo katika m-tu. "Leo" nalo shadda yake iko kwenye le. Sasa yaunganishe: m-la-LE-o. Ile shadda ya m imenywea, ya le ndiyo inayotawala.

Kwa nini la pili lishinde? Kwa sababu Kiswahili huhesabu kutoka mwisho: silabi ya pili kutoka mwisho ndiyo hubeba mkazo. MWA-na likiambatana na MA-ji huwa mwa-na-MA-ji. Waholanzi hufanya kinyume. Katika "voetbal" yao, yaani mguu na mpira, mkazo hukaa kwenye "voet", sehemu ya kwanza.

Lakini msidhani mambo yameisha hapo. "Mjamzito" kwa shadda ni neno moja, m-ja-m-ZI-to. Wingi wake je? Wajawazito. Pande zote mbili zimebadilika, kana kwamba bado ni maneno mawili. Sikio lasema moja, sarufi yasema mawili. Ndiyo maana wapo wanaoandika "mja mzito", nao wana hoja.

Haya si mapambo ya darasani tu. Mtahiniwa wa KCSE akigawa Mom-ba-sa amekosa. Ni Mo-mba-sa, kwani mb haitenganishwi. Mshairi anayehesabu mizani nane kwa kipande, akisahau kuwa m ya "mla" ni mizani kamili, shairi lake litachechemea. Na kompyuta ikikata maneno mwisho wa mstari kwa kanuni za Kiingereza, tutasoma "mwan-amaji", tukwame.

Ukilazimika kukata neno ambatano, basi, kata penye mshono: mwana-maji, mja-mzito. Neno letu huishia kwa irabu, kwa hivyo mshono wa maneno huwa ndio mpaka wa silabi pia. Hapo sauti haivunjiki wala maana haipotei.

Wiki hii jaribuni jina la jirani zetu, Mwembelegeza. Mshono uko wapi, na shadda iko wapi?