Mbwa Kali Si Mbwa wa Kazi

Toka King'ong'o hadi Karatina, toka Naro Moru hadi Nanyuki, Meru na Embu, ni nadra kupita mbele ya boma la mtu mwenye uwezo kidogo usikione kibao cha bati kilichoandikwa "Mbwa Kali". Mwalimu wa sarufi hukereka, na ana haki yake. Mbwa ni kiumbe mwenye uhai, na kwa hivyo Kiswahili sanifu kinadai upatanisho wa A-WA: mbwa mkali. Kosa hilo limekaa langoni petu tangu zama za walowezi, ambao Kiswahili chao kilikuwa cha kutoa amri tu, na sasa limezoeleka hata hao wenye kulisahihisha darasani wamelipigilia misumari malangoni mwao. Lakini leo sina ugomvi na kiambishi. Ugomvi wangu ni na kivumishi chenyewe. Katika sifa zote ambazo mnyama huyu aweza kuwa nazo, yaani afya, maungo thabiti, pua, utiifu na busara ya kumbagua mgeni na mwizi, sisi tumechagua moja tu, nayo ni ukali.

Tena ukali huo aghalabu si ushujaa, bali ni woga. Mbwa aliyefungwa mnyororo tangu utotoni, asiyepata kuwaona watoto wala wageni, humrukia yeyote kwa kuwa kila mtu kwake ni tishio. Wataalamu Scott na Fuller, katika kitabu chao cha mwaka 1965 kilichotokana na utafiti wa miaka mingi huko Bar Harbor, Marekani, walionyesha kwamba kuanzia wiki ya tatu hivi hadi ya kumi na mbili, mtoto wa mbwa huwa katika kipindi maalumu cha kuzoeana na viumbe wengine. Kipindi hicho kikipita bure, ni shida mno kukifidia. Sisi hukipitisha ndani ya kibanda chenye giza, kisha tukashangaa mbwa anapomng'ata mtoto wa jirani aliyetumwa chumvi. Na jeraha hilo halina mzaha. Kichaa cha mbwa bado kinaua nchini Kenya, na mpango wa taifa uliotolewa mwaka 2014 umekusudia kukomesha vifo vyake ifikapo mwaka 2030. Hautafaulu kama mbwa wa boma hawezi hata kushikwa ili adungwe chanjo.

Linalonishangaza zaidi ni kwamba mambo haya yanatendeka Nyeri, miongoni mwa watu wanaoujua uzazi wa mifugo kama wanavyoyajua majina ya wajukuu wao. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Mukurwe-ini au Othaya hakubali uhamilishaji wa mbegu ya fahali asiyemjua. Atauliza mabinti wa fahali huyo hukamuliwa lita ngapi, viwele vyao vikoje, miguu yao ikoje, na kama huzaa bila taabu. Kituo cha uhamilishaji cha Kabete kilianzishwa mwaka 1946, na hesabu ya mbegu imekuwa elimu ya nyumbani tangu enzi za babu zetu. Mfugaji huyo huyo, akitaka mlinzi wa ng'ombe hao hao, husimama kando ya barabara na kuchagua kitoto kutoka ndani ya katoni kwa sababu kina masikio yaliyosimama na mgongo mweusi. Haulizi mama yake yuko wapi. Wala haulizi kama baba wa kitoto hicho ndiye pia babu yake, jambo ambalo si ajabu kulikuta pale ambapo mtaa mzima una dume mmoja wa kifahari.

Matokeo yake huonekana baada ya mwaka au miaka michache. Mbwa mchungaji wa Kijerumani, ambaye ndiye kipenzi cha miji yetu ya Mlima Kenya, ana ugonjwa wa urithi unaojulikana sana: kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa katika kikombe cha nyonga. Mnyama huanza kuyumba kiunoni, akakataa kuruka, mwishowe akashindwa kuinuka asubuhi za baridi, nasi twajua asubuhi za Nyeri zilivyo. Kulishwa kupita kiasi utotoni huzidisha ila hiyo, lakini shina lake ni damu. Tena haitokani na chembe moja ya urithi bali nyingi, na kwa hivyo wazazi wanaotembea vizuri machoni petu waweza kuzaa viwete. Hapo jicho la mnunuzi halitoshi. Panahitajika picha ya eksirei, na hasa kumbukumbu za ndugu na za wazazi.

Kinachotia moyo ni kwamba ila hii hupungua watu wakiamua. Mwanzilishi wa chama cha mbwa hao mwaka 1899, kapteni wa wapandafarasi wa Ujerumani aliyeitwa Max von Stephanitz, alishikilia kuwa uzuri wa mbwa ni kazi yake. Waliofuata walipoanza kupenda umbo la kutazamwa uwanjani, fikra hiyo ililegea. Miaka ya 1920 Dorothy Eustis, mwanamke wa Kimarekani aliyekaa Uswisi, pamoja na Elliott Humphrey, waliirudia: walimpima kila mbwa kwa kazi yake, wakaandika, wakapandisha kwa kufuata maandishi hayo. Kutokana na juhudi hizo, mwaka 1929 palianzishwa huko Marekani shirika la The Seeing Eye, linalotoa mbwa wa kuongoza vipofu. Miaka mingi baadaye, shirika hilo lilipowachagua wazazi kwa kuzingatia nyonga, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kuwa katika vizazi visivyotimia vitano, wachungaji wa Kijerumani wenye kilema hicho walipungua kutoka asilimia 55 hadi 24. Hakuna dawa iliyofanya hivyo. Kilichofanya hivyo ni daftari.

Msomaji asidhani kuwa haya ni mambo ya Ulaya na Marekani tu. Mwendo mfupi kutoka Nyeri, katika hifadhi za Ol Pejeta na Lewa, mbwa wa kunusa wamefanya kazi pamoja na askari wanaolinda vifaru. Anayefuata harufu ya jangili juani, juu ya mawe na miiba, kwa saa nyingi, hawezi kuwa na nyonga mbovu wala moyo wa kushtuka. Na ukali? Ukali ungemharibia kazi, maana huongozwa kwa kamba na mtu, katikati ya watu.

Najua pia kwamba wazee wetu wana kumbukumbu nyingine. Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa Oktoba 1952, mbwa wa kufuata nyayo walitumiwa dhidi ya wapiganaji wa Mau Mau katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Yamkini hiyo ni sababu mojawapo ya sisi kumwona mbwa wa kazi kama chombo cha kutisha. Mbwa mwenyewe hakuchagua aliyeishika kamba.

Wakoloni walituachia na neno jingine: mbwa shenzi, yaani huyu wetu wa kienyeji asiye na cheti. Neno hilo lina kisa. Kutoka Kongo Waingereza walichukua mbwa wadogo wa kuwindia, na mwaka 1937 wakawaonyesha London kwa jina la Basenji, ambalo ni neno la Kilingala lenye asili moja na washenzi wetu. Kwa kuwa waliozalishwa huko walitoka katika mbwa wachache mno, maradhi ya urithi ya figo na ya damu yaliwaandama. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Kimarekani walifunga safari hadi Zaire, wakatafuta vijijini mbwa wa jamii hiyo hiyo, na mwaka 1990 daftari la ukoo likafunguliwa ili wapokewe. Wenye vyeti walikwenda kuomba damu kwa washenzi.

Kwa hivyo simshauri mkulima wa Tetu auze ng'ombe ili anunue mbwa wa kigeni. Huenda jike wa kienyeji aliyevumilia kupe na njaa kwa miaka minane, anayelala macho yakiwa wazi lakini hajapata kumng'ata mtoto, ni mbegu bora kuliko dume la gharama linaloogopa ngurumo. Tatizo ni kwamba hatumjui, maana hakuna aliyemwandika. Vilabu vya 4-K, vilivyofufuliwa shuleni mwaka 2021, vingeweza kuanza hapo. Kila mwanafunzi na amwandike mbwa wa kwao: alizaliwa lini na mama yupi, dume alikuwa nani kama anajulikana, alichanjwa lini, amewahi kuchechemea au kuuma, na usiku ule wezi walipokuja, alifanya nini.