Kompyuta ya nyumbani imegoma kuwaka? Okoa mafaili kwanza

Ni Jumapili usiku. Kijana wa kidato cha tatu anawasha kompyuta ya nyumbani ili amalizie kazi ya kukabidhi kesho asubuhi. Taa inawaka, feni inazunguka, kisha kioo kinabaki cheusi chenye mstari mmoja wa maandishi meupe. Anazima, anawasha tena. Hali ni ileile. Mama anatoka jikoni, baba anaacha taarifa ya habari, na swali la kwanza linakuwa: “Umeifanya nini?”

“Sijafanya kitu,” anajibu kijana.

Hapo ndipo familia nyingi hupotea njia. Swali la ukali humfanya mtoto afiche, na anachoficha ndicho fundi angetaka kukijua kwanza. Je, ilidondoka? Ilimwagikiwa chai? Umeme ulikatika ikiwa imewashwa? Kuna programu mpya iliwekwa?

Chukua mfano wa chai. Mashine iliyoingia majimaji, kila ikiwashwa hupiga shoti na kuunguza vipande vya ndani. Inatakiwa izimwe, chaja ichomolewe, betri itolewe kama inatoka, na ipelekwe kwa fundi bila kujaribiwa tena. Mtoto asiyeogopa kusema ukweli anaweza kuokoa mashine nzima.

Imekwama wapi?

Kompyuta huwaka kwa hatua. Kwanza hupokea umeme, kisha hukagua vipande vyake, halafu hutafuta diski yenye mfumo wa kuiendesha, kama vile Windows, na mwisho huufungua mfumo huo. Mzazi akijua imekwama hatua gani, hatababaishwa na mtu.

Haina taa wala sauti: Jaribu soketi kwa kuchomeka chaja ya simu, badilisha ekstensheni, kagua waya. Kompyuta ya mezani huwa na swichi ndogo nyuma ambayo huzimwa kwa bahati mbaya wakati wa kufanya usafi. Kwa kompyuta mpakato, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha rudisha chaja na ujaribu tena. Kisanduku cha umeme kilicho ndani ya kompyuta ya mezani kisifunguliwe nyumbani, maana hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa.

Taa inawaka, kioo ni cheusi kabisa: Kaza kebo ya kioo. Kwa kompyuta mpakato, iunganishe na televisheni kwa kebo ya HDMI. Picha ikionekana huko, kilichokufa ni kioo, si kompyuta. Kama inalia milio mifupi mfululizo, mara nyingi ni kibao cha RAM kilicholegea au kuharibika.

Inaandika kwamba haioni diski ya kuwashia: Chomoa flashi na kadi zote, kisha washa tena. Kama saa na tarehe zimerudi nyuma miaka mingi, huenda betri ndogo ya mviringo iliyo ndani, mara nyingi aina ya CR2032, imeisha. Hiyo ni kazi ndogo kwa fundi.

Nembo ya Windows inaonekana, kisha kiduara kinazunguka bila mwisho: Windows 10 na 11 zikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo, hufungua zenyewe ukurasa wa matengenezo. Anza na chaguo la “Startup Repair”, ambalo halifuti mafaili. Usiguse “Remove everything”, kwa sababu hilo hufuta kila kitu. Ukiombwa namba ya BitLocker yenye tarakimu 48, usibahatishe. Mara nyingi huwa imehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuandaa kompyuta hiyo, nawe unaweza kuingia humo kwa simu.

Kabla ya kupiga windo

Hayo yote yakishindikana, safari ni kwa fundi. Jibu linalosikika mara nyingi kibandani ni hili: “Mama, hii inataka kupigwa windo upya. Njoo kesho uchukue.”

Kupiga windo huweza kuiponya kompyuta kweli. Lakini fundi akifuta diski yote kwanza, picha za mtoto tangu siku ya kuzaliwa, video ya bibi aliyekwisha kutangulia mbele ya haki, na nakala za vyeti, vyote huondoka. Kompyuta nyingine inaweza kununuliwa. Sauti ya bibi haiuzwi dukani.

Na kugoma kuwaka si ushahidi kwamba mafaili yamekufa. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho moja lenye kasoro la kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike liliangusha takriban mashine milioni 8.5 za Windows duniani. Ndege zilikwama na hospitali zikaahirisha huduma. Hata hivyo diski hazikuharibika: mafundi waliwasha mashine nyingi kwa hali salama na kufuta faili moja bovu.

Kwa hiyo mwambie fundi mapema, na aandike kwenye risiti: mafaili yatolewe kwanza, windo baadaye. Kwenye kompyuta nyingi diski huchomolewa na kusomwa kwenye kompyuta nyingine, au mashine huwashwa kwa flashi maalumu na mafaili kunakiliwa. Lakini kama diski inagonga “tak, tak, tak”, zima mara moja na usiiwashe tena. Kila jaribio linaweza kuongeza uharibifu, na diski hiyo inahitaji fundi wa kuokoa mafaili.

Bora zaidi ni kutofika huko. Nunua diski ya nje, nakili picha na nyaraka kila mwisho wa mwezi, kisha ichomoe na kuiweka kabatini, mbali na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Kazi hiyo apewe mtoto mkubwa, naye ataiona kompyuta kuwa dhamana yake pia.

Na yule kijana wa Jumapili usiku? Mama alikaa kando yake, akauliza tena kwa sauti ya chini: “Mwanangu, mara ya mwisho ulipoitumia ulichomeka nini?” Kijana akafikiri kidogo, akainama nyuma ya kompyuta na kuchomoa flashi ya nyimbo aliyoazimwa na rafiki yake. Akabonyeza kitufe. Kompyuta ikawaka, na kazi ikakamilika kabla ya saa nne.